Suruali Yenye Akiba Kiunoni

Nina suruali moja ya kijivu ambayo ndani ya kiuno chake mlikuwa na kitambaa cha kutosha kumshonea mtoto kaptura. Niliishona mwenyewe, nikaibana mwenyewe, na ni mimi niliyekataa kuikata. Fundi wa kawaida akibana nguo anaondoa kilichozidi kwa mkasi na habari imekwisha. Mimi nilikikunja kwa ndani, nikapiga bandi, mshono wa muda, kwa uzi mweupe, nikavaa. Mtu akinikumbatia alidhani nimeficha taulo.

Sababu ni woga, na woga wenyewe nitaueleza polepole, maana nikiueleza haraka mtacheka kabla ya mahali pa kuchekea.

Nashona kwenye baraza ya duka la vitambaa hapa Magarama, Gitega. Cherehani ni yangu, baraza ni ya mwenye duka, Muislamu ambaye babu yake alitoka Uhindini akaja kuuza chumvi. Mimi namwita tajiri, yeye ananiita fundi, na tumezeeka pamoja hivyo hivyo. Miaka ile nilikuwa na kilo mia moja thelathini na nane. Viti vitatu vya cherehani vilivunjika chini yangu. Cha nne nilitengenezewa na fundi wa vitanda, naye aliniuliza kama nitakilalia.

Sitamsingizia mtu kwa unene wangu. Lakini mama yangu nitamtaja kidogo, Mungu amrehemu. Tulikulia Tanzania, kambini, mimi na kaka yangu. Shule niliishia darasa la tatu, ila somo la mama nililimaliza lote. Siku chakula kilipopatikana alikuwa akisema, "Jazeni matumbo. Ghala la mkimbizi ni tumbo lake, hilo haliporwi." Tukajaza. Tuliporudi Burundi njaa tuliiacha kule lakini ghala tulikuja nalo. Kaka yangu alijaza la kwake kule Makebuko, mimi la kwangu hapa Gitega. Tukikutana Krismasi tulishindana kwa mihogo na mbuzi, na wake zetu walikuwa wakituangalia kama watu wanaoangalia nyumba inayoungua ya jirani wasiyempenda.

Kisha kaka akapata sukari. Ulikwenda mguu kwanza, yeye akafuata. Na siku arobaini hazijapita, nami nikaambiwa ninayo.

Ndipo binti yangu aliyeolewa Dar es Salaam akaniita kule nikafanyiwe operesheni ya kupunguza tumbo. Nitaieleza kama nilivyoielewa. Walinitoboa matundu madogo matano, wakaingiza vyuma vyao, wakakata sehemu kubwa ya tumbo la chakula wakaitoa, wakaacha kipande cha ukubwa wa ndizi moja mbivu. Nilimuuliza daktari ile iliyotolewa wameipeleka wapi. Akacheka. Mimi sikuwa nafanya mzaha. Kitu nimekilisha zaidi ya miaka hamsini, nilitaka angalau nijue kimezikwa upande gani.

Nikarudi Gitega nikipungua kila mwezi. Sukari ikashuka, magoti yakaacha kulia. Ungedhani watu watanipongeza. Kwetu mtu akinenepa husema amefanikiwa, akikonda huanza kuulizana kwa sauti ya chini. Jirani mmoja alileta unga na sukari, akamshika mke wangu mkono, akamwambia, "Dada, jikaze. Mungu anajua." Mke wangu alipokuja ndani alinitupia ule unga miguuni.

"Mutama, mzee wangu, wanasema nakunyima chakula!"

"Waambie nilikatwa tumbo."

"Nikiwaambia hivyo watasema nilikukata mimi."

Basi. Nilifika kilo sabini na tisa, nikabana suruali ya kijivu kwa bandi. Kwa nini sikukata? Kwa sababu ya tajiri wangu.

Yeye alikatwa kabla yangu. Alikwenda hukohuko Uhindini, akarudi mwembamba kama mche wa kahawa. Mwaka mmoja baadaye mashavu yalirudi. Mwaka wa pili shingo ikatoweka. Leo hii amekaa kwenye benchi lake, anakunywa juisi ya maembe kwa mrija, na tumbo lake linafika kwenye kaunta kabla ya mikono. Alinifunulia siri yote siku moja nikiwa namshonea kanzu mpya, ya tatu kwa kupanuka.

"Fundi, sikiliza. Mwaka wa kwanza daktari anakulinda. Mwaka wa pili unajilinda mwenyewe. Mwaka wa tatu shetani anakumbuka njia ya nyumbani kwako."

"Anapitia wapi, tajiri, na mlango wamekata?"

"Anapita na vitu vya majimaji. Nyama inakwama, wali unakwama. Lakini juisi? Uji wenye sukari? Pombe ya ndizi? Vinateleza tu. Unakunywa kutwa nzima na hiyo ndizi yako ya tumbo haijui kama imeshiba."

Mimi nilikuwa naingia mwaka wa tatu. Toka siku hiyo kila nikipitisha uzi kwenye sindano nilikuwa nahesabu: mguu wa kaka, tumbo la tajiri, mwaka wa tatu. Suruali nikaiacha na akiba yake. Nilijiambia kwamba siku shetani akifika asinikute sina nguo.

Sasa kupima. Hospitali kuna mizani nzuri, lakini mizani ya hospitali ina muuguzi, na muuguzi ana daftari, na mdomo pia anao. Mimi nilikuwa napimwa kila Jumamosi kwa muuza maharage, maduka manne kutoka kwetu. Ana mizani kubwa ya chini, ya kupimia magunia, ipo nyuma mahali wakulima wanaposhushia mizigo. Napanda, naangalia, nashuka. Mizani ya maharage haikupi nasaha.

Jumamosi moja mwezi wa nane nilikuta nyuma pamejaa magunia mpaka mlangoni. Mbele, karibu na wateja, kulikuwa na mizani nyingine, ndugu ya ile, rangi moja. Nikapanda hiyo.

Themanini na sita.

Nilishuka nikavua viatu, nikapanda tena. Themanini na tano na nusu. Nikatoa mkasi mfukoni. Mkasi haukusaidia.

Kilo saba kwa wiki moja! Na mbaya zaidi, niliamini. Mtu asiye na kosa angebisha, lakini mimi wiki ile nilikuwa na makosa. Jumatatu nilikunywa maji ya ndizi, chupa nzima, nikamwambia mke wangu ni dawa ya kikohozi. Jumatano nilipita penye mishikaki ya mbuzi. Sikula nyama, nakubali, nilikula ndizi za kukaanga zilizokaa pembeni yake. Ijumaa nilikunywa uji wa tajiri. Kwa hiyo nilipoona themanini na sita sikushangaa. Nilisikia kama hakimu ananisomea hukumu ninayoijua. Nikatembea mpaka kwenye cherehani nikihisi mapaja yananenepa njiani.

Na huko mbele kulikuwa na shughuli. Mtoto wa marehemu kaka yangu alikuwa anaposa Gashoho, mkoa wa Muyinga, na mimi ndiye niliyekuwa niseme kwa niaba ya familia. Kiti kile kilikuwa cha baba yake. Mimi nilikikalia kwa sababu mwenyewe yuko ardhini kwa ugonjwa uleule niliokuwa nimeukimbia.

Nikafanya mambo mawili, yote ya kijinga. La kwanza, niliacha kula. Siku nne nzima maji tu na mchuzi wa lengalenga, mchicha wa kwetu. La pili, nilichukua suruali ya kijivu nikafumua bandi, nikaipanua kiuno kwa kilo zile saba, nikaongeza kidogo kwa zile zitakazokuja njiani. Tepu ilikuwa shingoni mwangu. Tepu inakaa shingoni mwangu toka asubuhi mpaka jioni, nawapima watu wa Gitega wote, hata maiti nimeshapima. Kujizungushia kiunoni mwangu sikuthubutu. Fundi mzima nilipanua suruali kwa kufuata mizani ya maharage.

Mke wangu alinikuta nafumua.

"Unaipanua ya nini? Mbona inakupwaya?"

"Mama, wewe unajua kupika. Mambo ya kiuno niachie mimi."

Asubuhi ya safari mkanda sikuvaa. Mtu anayeamini amenenepa hujibana ya nini? Niliingiza mkono mmoja mfukoni nikashika suruali kwa ndani, na nikasafiri hivyo toka Gitega hadi Gashoho. Nilipoona inashuka nilijiambia kitambaa kimelegea kwa sababu ya kufuliwa. Watu wa msafara wetu walisema siku hiyo nilitembea kama mkubwa wa mkoa.

Gashoho walitupokea vizuri. Hema, viti vya plastiki, sisi upande huu, wao upande ule. Msemaji wao alikuwa mzee mfupi mwenye kofia na fimbo, mkulima anayenunua maharage ya wenzake na kuyapeleka sokoni Muyinga. Kiswahili chake kilikuwa cha kwao, mimi cha Tanzania, tukachanganya na Kirundi tukaelewana. Alinizungusha kama desturi inavyotaka. Mara hawana binti, mara binti yupo lakini amekwenda kuteka maji, mara walidhani tumekuja kuomba mbegu. Nikajibu vizuri, na katika maneno sikosi. Kichwa tu ndicho kilikuwa chepesi kwa njaa, na wale watu wa mbele yangu wakati mwingine walikuwa wawili wawili.

Kisha kikaja chungu cha impeke, pombe ya mtama, na mirija miwili. Hapa lazima niseme jambo, wale wasiotoka kwetu waelewe. Wasemaji wawili wananyonya chungu kimoja kwa pamoja. Ukikataa mrija umemkataa binti, umewatukana wazazi wake, na wazee wako umewatukana pia. Na pombe hii ni kama uji, inateleza, ndiyo njia hasa ya yule shetani wa tajiri.

Nikashika mrija, nikafumba macho, nikafanya kama nanyonya. Nilijua sana kuigiza. Nilitoa hata sauti ya kuridhika.

Yule mzee akaacha wake. Akaniangalia koo.

"Mkwe, we unakunywa ama unanusa?"

"Nakunywa, mkwe. Tamu kabisa."

"Hapana. Mi naangalia hapa kwenye shingo yako. Hakuna kitu inapanda, hakuna kitu inashuka. Bon, niambie: pombe yetu iko na sumu?"

Upande wa kwao mwanamke mmoja mtu mzima, shangazi wa binti, akasema kwa sauti wote tusikie, "Labda sisi si watu wa kunywa nao." Mtoto wa kaka yangu alinigeukia, na uso wake ulikuwa wa baba yake mtupu.

Nikaona lazima niseme kitu. Nikasimama kwa heshima zote. Na ili msemaji asimame vizuri inabidi mikono yote miwili iwe nje, aitandaze mbele ya wakwe. Nikatoa ule mkono uliokuwa mfukoni.

Suruali haikusita. Ilishuka moja kwa moja mpaka kwenye viatu, na ile akiba yote ya kitambaa ikakaa chini imenizunguka kama ngata. Juu nilikuwa na koti na tai. Chini nilikuwa na bukta niliyojishonea mwenyewe kwa mabaki ya kitenge cha dukani, chenye kuku na mayai yao.

Sikumbuki nani alicheka kwanza. Naamini ni yule shangazi, maana nilimwona ameinama ameshika kiti cha mwenzake. Nakumbuka tu maneno ya mzee, aliyeapa kwa ng'ombe kama tuapavyo kwetu.

"Yampaye inka! Mkwe, tulisema mlete ng'ombe. Suruali hakuna mtu aliomba!"

Niliivuta juu kwa mikono miwili nikabaki nimeishika hivyo, na nikiwa hivyo ndipo niliposema ukweli, kwa sababu sikuwa tena na cha kuficha. Nikasema nilikatwa tumbo. Nikasema baba wa huyu kijana, ambaye ndiye angekuwa amesimama hapa, alikufa kwa sukari, mguu kwanza, na mimi sitaki kumfuata kabla sijaona wajukuu wake. Nikasema nilikuwa na kilo sabini na tisa na sasa nina themanini na sita, shetani amefika, na mnisamehe, pombe yenu haina sumu, sumu ni mimi na koo langu.

Mzee alikuwa anafuta machozi ya kicheko. Akanyoosha fimbo kwenye kiuno changu.

"Themanini na sita? Na suruali inaanguka? Nani alikupima?"

"Muuza maharage wa kwetu Magarama."

"Mizani gani? Ya kununulia ama ya kuuzia?"

Mzee akageukia watu wake kama mwalimu.

"Mi niko katika kazi hii. Kuna wafanyabiashara wako na mizani mbili. Moja ya nyuma, ya kununua kwa mkulima: hiyo inapunguza. Moja ya mbele, ya kuuzia watu: hiyo inaongeza. We ulipanda gani?"

"Miaka miwili nilipanda ya nyuma," nikasema. "Juzi nikapanda ya mbele."

"Alors! Nyuma alikununua, mbele alikuuza!"

Hapo kilichekwa kicheko ambacho sijakisikia tena. Wakwe walicheka, watu wangu walicheka, hata mtoto wa kaka yangu, aliyekuwa anatazama kama baba yake, alicheka kama baba yake, kichwa nyuma na meno yote nje. Nilikuwa sijakisikia kicheko hicho toka Krismasi ile ya mwisho ya mbuzi. Ikabidi nikae chini. Waliodhani ni aibu niliwaacha wadhani hivyo.

Kuhusu chungu, mzee alikata shauri mwenyewe. Alichukua mrija wangu akampa kijana. "Huu ulikuwa wa baba yako. Kunywa wewe." Akanywa, na koo likaonekana likipanda na kushuka, mzee akaridhika. Mimi nililetewa maziwa ya mgando kikombe kimoja na kijiko, na shangazi mwenyewe akakaa mbele yangu kuhakikisha.

"Kidogo kidogo, mkwe. Na shika suruali."

Kwao, kila mwanamke aliyepita na sinia alinipa pini. Nilirudi Gitega na pini kumi na moja kiunoni, sikuweza kuinama.

Nyumbani mke wangu alikuwa ameshapata habari kabla gari halijapita Karuzi, simu hizi. Alinisimamisha mlangoni, akaninyang'anya tepu shingoni, akanizungushia mwenyewe. Nilifumba macho.

"Sentimita tisini na mbili," akasema.

"Krismasi ilikuwa ngapi?"

"Krismasi ulikimbia nilipotaka kukupima. Pasaka nilikupima umelala. Tisini na mbili vilevile."

Sikujua kama nifurahi au niulize ni mara ngapi ananipima nikiwa nimelala. Akanipa mkasi. Nikakaa kwenye kitanda na ile suruali ya kijivu mapajani, nikafumua, nikapanga, nikachora chaki. Wakati huo nilikuwa nafikiri juu ya tajiri na kaunta yake, na mwaka huu wa tatu ambao haujaisha, na baada yake kuna wa nne. Kiuno cha leo hakinipi barua ya kesho. Lakini nguo inashonwa kwa mwili uliopo. Nimewaambia hivyo wanawake wajawazito wa Gitega nzima.

Nikakata. Kipande kilianguka kikubwa, mke wangu akakiokota akakiinua mbele ya taa kuangalia kama kina matundu. Kisha akaigeuza suruali, akaona.

"Na hivi vidole viwili ulivyobakiza?"

"Hiyo ni kawaida ya ufundi."

"Kawaida ya ufundi ni kidole kimoja."

"Kimoja cha ufundi," nikasema, "kimoja cha shetani."

Tajiri nimempunguzia juisi. Anainywa nikiwa sipo. Na mimi sasa napimwa kwa tepu kila Jumapili baada ya kanisa, macho wazi, mke wangu ndiye anayesoma namba. Lakini Jumamosi iliyofuata safari ile nilipita tena kwa muuza maharage. Alikuwa ameshasikia, akaangalia pembeni. Nyuma magunia yalikuwa yameondolewa. Nikapanda ile ya kununulia kwa wakulima. Sabini na tisa. Najua mizani hiyo ni mwongo. Nilikaa juu yake kidogo nikaisoma mara mbili, kisha nikarudi kushona.